Kishingo Avua Mtandio

Mungu anisamehe, niliwahi kumcheka Kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni. Tangu hapo hakuweka picha mtandaoni bila mtandio. Nyumbani tu ndiko alikouvua.

Siku moja kifaranga wake akapotea, naye Kishingo akatangaza mtandaoni, akiweka picha yake mwenyewe akiwa na mtandio. Kanga, aliyemwokota, akamwonyesha kifaranga ile picha. "Mama yako si huyu?"

"Siye! Mama yangu ana shingo tupu."

Kanga akaandika chini ya picha: "Bibi wee, mtoto kakukana!"

Kishingo akawaza. Wakimcheka tena je? Akautupa mtandio, akaingia mubashara, shingo nje. "Mwanangu, ni mimi!"

"Mamaaa!" Kifaranga akaidonoa simu ya Kanga kwa furaha, na watazamaji wote wakashangilia.

Nakuomba ndugu yangu, leo weka picha yako ulivyo.