Sikio la Sikudhani

Sikudhani alijaza mafuta kwa sikio. Petroli ilikuwa imemrukia jicho la kulia siku moja ya foleni ndefu, naye akaendelea kuhudumia wateja badala ya kukimbilia maji. Sasa jicho hilo lilikuwa ukungu mtupu, na la kushoto nalo lilikuwa likichoka. Hakumwambia mtu, kwani msimamizi wa kituo cha mafuta angemwachisha kazi siku hiyo hiyo. Akajifunza mlio wa tenki: mafuta huguruma yakiwa chini, kisha sauti hupanda na kuwa nyembamba yanapokaribia shingo. Hapo ndipo alipoacha kujaza.

Adhuhuri moja likaingia lori, linatetemeka.

"Zima injini, kaka."

"Starta mbovu, dada'angu. Nikizima haliwaki tena. Wewe jaza mpaka shingoni."

Angekataa, lakini msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama. Akachomeka bomba, akainamisha sikio. Hakusikia kitu ila ngurumo ya lori. Mafuta yakafurika, yakamrukia usoni.

Dereva akaruka chini na dumu la maji, akawa anammiminia huku akiomba radhi.

"Pole, dada! Pole sana! Unaniona?"

"Nakuona," akajibu Sikudhani, macho wazi, akilitabasamia tairi.

Kisha, bomba bado mkononi, akageuka kulirudisha mahali pake. Akanyoosha mkono, akapapasa, akapapasa tena, upande ambao haukuwa na pampu. Lori lilikuwa bado linanguruma.