Sindano ya Shingoni

"Usikohoe, mwalimu. Hata koo likiwasha, vumilia."

Kitambaa cha kijani kilimfunika Paskazia uso mzima, asione kitu ila ukungu wa taa. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa miguu, kichwa chake kimegeuzwa kushoto, na ganzi ilikuwa imeanza kushika shingoni.

Kuhara na kutapika tangu walipoondoka Misungwi kulikuwa kumemkausha hadi mishipa ya mikono ikapotea. Dokta Mihayo aliitafuta kila mahali, mwishowe akasema wazi: wasipopata mshipa mkubwa wa shingoni, figo zitashindwa. Shimba, mumewe, alikubali upesi. Enzi ilipokuwa mali ya chama cha ushirika, hospitali hiyo haikuwa na dawa wala glavu. Tangu iuzwe, kulikuwa na marumaru sakafuni na televisheni mapokezi.

"Usiogope, mama. Siku hizi hapa ni huduma ya kisasa," alimwambia mkewe alipokuwa akisukumwa kuingizwa ndani.

"Ingia taratibu," Dokta Mihayo alisema sasa, ila hakuwa akisema na mgonjwa. "Huku unavuta bomba. Ikija damu nyeusi, simama hapo hapo. Ikija hewa, ujue umegusa pafu."

Paskazia akaelewa. Sindano ilikuwa mikononi mwa mwanafunzi.

Hakukasirika. Yeye mwenyewe alikuwa amewapokea walimu wanafunzi wengi darasani kwake, akawaona chaki ikiwatetemeka vidoleni. Watu hujifunzia kwa watu. Akaanza kusali kimoyomoyo, Salamu Maria moja juu ya nyingine.

Sindano ikaingia. Ikasita. Kisha ikaanza kupapasa humo ndani, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

"Hapana, usiipindishe ndani ya nyama!" Sauti ya daktari ilikuwa imekauka. "Naomba. Itoe kwanza, ndipo uielekeze upya."

Mwanafunzi alihema kwa nguvu, akaingiza tena. Kitu cha moto kikamchuruzika Paskazia hadi nyuma ya sikio.

"Nyekundu! Umepiga ateri. Toa. Toa, tafadhali!"

Mkono mwingine, ulio imara, ukamkandamiza shingo, ukabaki pale muda mrefu. Paskazia aliwaza watoto wake, nani angewapikia.

"Sasa niachie mimi," daktari alisema. "Nakuomba sana."

Paskazia akasikia hatua za watu wawili wakibadilishana nafasi. Halafu sindano ikaingia mara moja tu, bila kupapasa. Ikafuata waya, ikafuata mrija, ikafuata uzi wa kuushonea. Maji yakaanza kushuka. Paskazia akahisi ubaridi ukimtambaa kifuani, machozi yakamtoka kwa shukrani.

Hata yule mwanafunzi, Paskazia alimwonea huruma. Alishapanga la kumwambia: usikate tamaa, mwanangu, utazoea.

Kitambaa kikafunuliwa.

Dokta Mihayo alikuwa ameinamisha kichwa. Kando yake, glavu zimejaa damu, akiishusha barakoa hadi kidevuni, alisimama Bwana Chenge, mwenye mashua za kuvulia sangara na baa ya Buzuruga, yule aliyeinunua hospitali.

"Pole sana, mwalimu," alisema huku akijipangusa jasho kwa kiwiko. "Wiki ijayo napunguza wafanyakazi. Nilitaka nione mwenyewe kama kazi hii kweli inahitaji daktari."