Albamu ya Tatu

Siku hizi kamera hupiga picha za siku ambayo haijafika, na mpiga picha utakayemwajiri, zake ndizo zitakazotimia. Basi Saumu aliletewa albamu tatu za harusi yake na Kombo, kutoka kwa wapiga picha watatu, wiki sita kabla, achague.

Ya kwanza, hina yake ilikuwa imefifia. Ya pili, shangazi yake, Bi Riziki, alikuwa amefumba macho kila ukurasa.

"Huyo hafai hata bure!" akafoka Bi Riziki.

Ya tatu ilimwonyesha Saumu akicheka mpaka magego yanaonekana. Akaikumbatia.

"Huyu ndiye, shangazi."

Bi Riziki akavaa miwani. "Lakini mwanangu, bwana harusi huyu si Kombo!"

"Nimeona, shangazi. Hebu nipe kalamu nitie saini mkataba."