Herufi za Kumfukuzia Mtu

"Hiyo herufi nyembamba inaomba radhi," nilimwambia bosi, nikaifuta kwenye skrini. Lilikuwa tangazo la gazetini, la kuwajulisha wateja kwamba fulani si mfanyakazi wetu tena. Miaka kumi na tisa matangazo hayo nayapanga mimi.

Nikamwekea ninayoipenda: nene, imeinamia mbele kama mtu anayesukuma mlango, na kila herufi ina miguu ya mraba, mizito kama buti.

"Hii ndiyo ya kumfukuzia mtu. Hata asiyejua kusoma ataelewa."

Bosi akacheka mpaka akashika kiti.

"Kaiba?" nikauliza.

"Wala. Kazeeka tu."

Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nikaziongeza ukubwa.

Akatoa picha kwenye bahasha, akailaza kifudifudi kando ya kibodi yangu. Mgongoni ilikuwa na gundi iliyokauka na magamba ya rangi ya kijani ya ukuta wa mapokezi, pale alipombandika mfanyakazi bora wa mwaka.

Sikuwa na haja ya kuigeuza.

"Jina lako andika mwenyewe, mama," akasema kwa upole. "Sitaki tulikosee."