Mguu Mwepesi

Dizeli ilikuwa lita kumi na mbili, hospitali ilikuwa kilomita tisini na moja, na Felisita alikuwa na uchungu tangu jana mchana.

"Ongeza hata tano, Protasi," Pancras alimwambia karani wa stoo. "Leo nina mgonjwa."

"Angekuwa Xavery ningempa ishirini, maana gari yake inakula ishirini." Protasi alikaza kifuniko cha dumu. "Wewe mwezi wa tisa ulifika huko kwa kumi na mbili, ukaja kujisifu hapa. Umeandika mwenyewe kwenye kitabu cha gari. Ofisi ikasoma. Sasa unalia nini?"

"Na kurudi?"

"Kurudi utajua hukohuko. Dizeli iko vitani, bwana. Nenda."

Ilikuwa kweli. Madereva wote wa mradi wa pamba waliujua mguu wa Pancras. Alikanyaga mafuta kama mtu anayekanyaga yai. Alibadili gea kabla injini haijalalamika, hakuzidi arobaini, na kwenye mteremko alizima injini kabisa akaiacha Landrova iserereke yenyewe. Xavery alikimbia themanini na moshi mweusi nyuma yake. Mei Mosi Pancras alipewa redio. Xavery alipewa karipio, na lita zake ishirini kila safari.

Daktari wa karibu alikuwa amechukuliwa na jeshi. Aliyebaki wa kupasua alikuwa ng'ambo ya msitu.

Kule kijijini Kaniha, Kazimili na mama yake, Auleria, walimlaza Felisita nyuma juu ya mkeka. Auleria akakaa naye, uso ameuelekeza walikotoka. Kazimili akapanda mbele. Pancras aligeuza kioo cha ndani kikatazama paa, kisha akawasha gari.

Kilomita kumi za kwanza zikapita. Halafu sauti ya Auleria ikatoka nyuma.

"Kazimili, mwambie dereva aongeze mwendo."

Pancras alikuwa amesikia. Kati yake na yule mama hapakuwa hata na hatua mbili. Lakini alingoja mpaka aambiwe.

"Anasema ongeza mwendo," Kazimili alisema.

"Mwambie nikikimbia, dizeli inaishia msituni. Gari la mwisho kupita huko lilikuwa la jeshi, na ni juzi."

"Mama, anasema dizeli itaisha."

Felisita aliguna, akanyamaza.

Waliingia msituni. Mbung'o walijaa ndani, Kazimili akawa anawapiga kwa kofia yake. Kwenye mteremko wa kwanza Pancras alizima injini. Ukimya ukawa mkubwa, wakasikia kokoto chini ya matairi na pumzi ya mgonjwa, fupi fupi.

"Bwana dereva," Kazimili alisema, "hii ni gari au jeneza la magurudumu? Maksai wangu wangekuwa wamefika, wameshakunywa maji, wamelala."

"Maksai wako hawanywi dizeli."

"Una roho ngumu wewe."

"Nina lita kumi na mbili."

Asubuhi ilikuwa ya baridi, lakini shati la Pancras lilikuwa limelowa mgongoni. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Kilomita thelathini na nane. Kilomita thelathini na tisa. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Karibu na katikati ya msitu, Auleria aliona mkeka umebadilika rangi. Alivua kanga ya begani, akaikunja, akaisukuma chini ya Felisita. Ikalowa. Akavua na ya kichwani. Halafu akapiga bodi la gari kwa kiganja.

"Kazimili! Mwambie akimbie!"

"Kwani kuna nini huko?"

Auleria alimtazama mwanawe kisogoni, akatazama na kisogo cha dereva.

"Mwambie akimbie tu."

"Anasema ukimbie."

"Kuna jambo gani?" Pancras aliuliza, macho barabarani.

"Mama, anauliza kuna jambo gani."

"Mimi nimesema akimbie. Mambo mengine si ya kusemwa mbele yenu."

Kazimili akageuza maneno hayo kwa namna yake. "Ni woga wa wanawake tu. Lakini kimbia kidogo, basi."

Pancras alitazama kipimo cha mafuta, ambacho kilikuwa kimekufa tangu mwaka juzi. Alifikiria kukwama pale, mgonjwa nyuma, mbung'o, giza likiingia. Mguu wake ukatamani kushuka. Akauzuia. Wakaendelea kwa arobaini.

Walifika saa tano na robo. Manesi wawili walileta machela mbio. Mmoja akafunua kanga, akamwita daktari kwa sauti kubwa, wakamwingiza Felisita ndani. Pancras alibaki nje akachomoa kijiti chake cha kupimia mafuta, akakichovya kwenye tangi, akapima.

Haukupita muda mrefu nesi mkubwa akatoka, mikono imelowa maji.

"Damu imemwishia," alisema. "Tumewapoteza wote wawili. Mtoto alikuwa wa kiume. Mngetangulia nusu saa, nusu saa tu." Akamgeukia Kazimili. "Pole sana, baba. Wewe ndiye mume wake?"

"Mimi ni kaka yake," Kazimili alisema.

Auleria alivuka ua kichwa wazi, akasimama mbele ya dereva. Tangu Pancras alipomwoa binti yake, miaka minne, wakwe hao wawili, kwa mwiko wa ukwe, hawakuwahi kutazamana usoni wala kusemeshana. Sasa alimtazama.

"Zimebaki ngapi?"

"Tatu, mama."

Lita tatu. Mke mmoja. Mtoto mmoja.