Ndara ya Uzi wa Buluu

"Gari la mashindano likitaka kupita hapa, lipite juu ya kitambi changu!" Kisaka alitangaza kwenye mkutano wa kijiji wa kupinga mbio za magari, na kitambi chenyewe kikatikisika kuunga mkono.

Bi Nzingo alitokwa na machozi ya shukrani, maana kaburi la mumewe lilikuwa ukingoni mwa barabara ambayo magari yangepita. Akamshonea Kisaka hata ndara yake iliyokatika, kwa uzi wa buluu, shujaa asije akajikwaa.

Asubuhi iliyofuata gari la majaribio lilimkuta Kisaka amelala njiani kweli. Dereva akacheka. "Mzee wangu, utaungua na jua. Panda nikuzungushe mara moja tu."

Kisaka akatazama huku na huku. Akavaa kofia ngumu aliyopewa na dereva, akashusha kioo chake cheusi, akapanda. Watu walikimbilia pembeni. Yeye akawapungia mkono kama waziri.

Aliposhushwa, Bi Nzingo alikuwa akifuta vumbi kaburini kwa upindo wa kanga. Kisaka akapita kama mgeni, kofia kichwani.

"Kisaka mwanangu," Bi Nzingo alisema, macho yakiwa chini miguuni mwake, "ndara haijakubana?"

Kisaka alitaka kuvua kofia, mikono ikagoma. Ndani ya kioo cheusi, ukungu wa pumzi yake ulianza kutanda.