Upana wa Kidole

Kama kila asubuhi, kabla ya chai, Nasra alimlaza mama yake, Bi Kibibi, kwenye kitanda cha kunyoosha mgongo, akamfunga mikanda kwapani na kiunoni, akaanza kuzungusha mpini taratibu. Lango la mtaa lilipima urefu wa kila mkazi wakati wa mapambazuko, na aliyekuwa chini ya alama alihamishwa mtaani siku hiyo hiyo. Kwa uzee, Bi Kibibi alikuwa amepungua chini ya alama hiyo kwa upana wa kidole.

"Unanivuta kama mpira wa manati," mama alitania.

"Vumilia, Mama. Bado kidogo."

Ndipo mtoto wa Nasra alipolia chumbani. Kabla Nasra hajageuka, mama alikuwa ameshafungua mikanda, akamfuata mjukuu wake na kumbeba mgongoni kwa kanga, kama alivyokuwa akimbeba Nasra mwenyewe utotoni.

"Mama, mshushe. Mgongo utarudi kujikunja, na bado hatujapita langoni."

"Utarudi tu, mwanangu. Kitanda hiki kinanivusha langoni tu, hakirefushi mtu. Asubuhi kinaninyoosha, adhuhuri nimerudi pale pale. Wewe na mimi tunalijua hilo."

Nasra alilijua. Mtoto alikuwa ametulia, shavu lake limelala kwenye mgongo ule. Nje, lango lilianza kuita majina ya watu wa nyumba yao.

"Basi niambie," mama alisema, "kila siku unanivuta hivi kwa ajili ya nini?"

Nasra aliushika mkanda mtupu, akaukunja mkononi.

"Naogopa kubaki hapa bila wewe, Mama."